Walimu wa uandishi vyuoni tukutane hapa: insha zinasahihishwa, lakini nani anazisoma?

Mleta mada

Habari za jioni wakuu.

Nafundisha Stadi za Mawasiliano mwaka wa kwanza katika chuo kimoja hapa Tanzania. Chuo sikitaji, maana haya ninayoyaleta nimeyakuta kwa walimu wa vyuo vingine pia. Ni lile somo la lazima kwa wote, awe wa ualimu, wa sheria au wa uhandisi, na wengi wanalichukulia la kupita njia: pata alama, usile sapu (mtihani wa marudio), endelea na masomo ya kozi yako.

Kila mwaka vipindi vikishachanganya, walimu wa idara nyingine wanaanza kutuuliza: "Hawa watoto mnawafundisha nini? Huyu yuko mwaka wa tatu na ripoti yake ya field, ya mafunzo kwa vitendo, haisomeki." Swali ni la haki. Ila jibu linalofuata karibu kila mara, kwamba vijana wa siku hizi ni wavivu na hawapendi kusoma, mimi silikubali. Ndiyo sababu ya uzi huu.

Ninavyoona mimi, kijana anayefika chuo ameandika sana na hajawahi kusomwa. Kasahihishwa tu. Tangu sekondari anaandika kwa ajili ya mtu mwenye kalamu nyekundu na mwongozo wa majibu pembeni. Swali linasema "toa hoja sita". Msahihishaji ana rundo mbele yake, anatafuta hoja, akiiona anapiga vema, anasonga. Mwanafunzi naye ana akili zake, hilo ameshalijua zamani. Utangulizi wake ni maana ya neno kutoka kwenye kamusi. Katikati ni hoja sita zilizopigiwa mstari ili zionekane haraka. Mwisho ni utangulizi ule ule umerudiwa, na ushauri kwa serikali. Amefanya hivyo kwenye General Studies, kwenye historia, kwenye uraia, na amefaulu. Bila hivyo asingekuwa mbele yangu. Leo ukimwambia achague hoja moja tu aifikishe mwisho, anahisi unamtega.

Sasa njoo chuoni. Darasa langu lina zaidi ya watu 400. Insha ya kurasa mbili, ukitaka kuisoma kweli na kumwandikia mwenyewe jambo la maana, dakika 10 haziepukiki. Zidisha: dakika 4,000, yaani saa 66 na ushee, kwa kazi moja. Bado kuna maandalizi, semina, vikao na kusimamia mitihani. Kwa hiyo tunakimbilia kazi za vikundi. Watu 10 kundi moja: mmoja anaandika, mmoja analipia uchapaji steshenari, wanane majina na namba zao za usajili zinaonekana kwenye jalada. Tunarudisha alama, tunaita hiyo ni kufundisha uandishi.

Niwape mfano wa kinachowezekana mtu akisomwa. Kazi ilikuwa kuandika kuhusu katazo la mifuko ya plastiki lililoanza tarehe 1 Juni 2019. Kijana mmoja akaleta insha iliyopangika vizuri: maana ya mazingira, faida sita za katazo, changamoto, mapendekezo. Kiingereza chake cha kawaida, hakuna kosa la kutisha. Ingepata alama zake na maisha yangeendelea. Ila kwenye changamoto ya nne kulikuwa na sentensi kwamba katazo "liliathiri wafanyabiashara wadogo". Nikaandika pembeni: Wepi? Uliwaona?

Akaja ofisini. Akaniambia mama yake anauza nyanya kwa mafungu sokoni. Zamani alikuwa ananunua pakti ya vile vimfuko vyepesi, mteja akichukua fungu anafungiwa bila hata kuomba. Katazo lilipokuja, mfuko mbadala ukawa na bei yake, na mtu wa fungu moja hawezi kulipia mfuko unaokaribia bei ya nyanya zenyewe. Wengine wakaanza kuja na vikapu. Wengine wakawa wanampita, wanaenda kwa muuzaji anayetoa mfuko. Mwishowe mama akawa anaulipia yeye, na ili asile hasara akatoa nyanya moja kwenye kila fungu. Kijana ndiye aliyekuwa akipanga mafungu asubuhi kabla ya kwenda shule, kwa hiyo anakumbuka lini fungu la nyanya tano liligeuka la nyanya nne.

Nikamwambia: andika hivyo hivyo. Akaniuliza, "Madam, hiyo inaruhusiwa?"

Wakuu, swali hilo naomba mlitafakari. Mtu amesoma miaka 13 kabla ya kufika kwangu na hajui kama anaruhusiwa kuandika jambo analolijua.

Rasimu ya pili ilikuwa na makosa mengi zaidi ya sarufi kuliko ya kwanza, kwa sababu sasa alikuwa anaunda sentensi zake mwenyewe badala ya kuunganisha zile alizozikariri. Na ilikuwa bora kuliko ya kwanza kwa mbali. Bado aliunga mkono katazo, ila safari hii alijua linamgharimu nani, na alikuwa na neno la kumwambia mtu asiyekubaliana naye. Sarufi tuliishughulikia kwenye rasimu ya tatu.

Kuna kero nyingine ndogo ndogo mnazijua: CR (kiongozi wa darasa) anapiga simu saa nne usiku kuuliza kama kesho kuna kipindi, mtu anakuja mwisho wa muhula anasema "Madam nisaidie mbili tu nifike 40". Hizo zinazoeleka. Ninachotaka tujadili ni hili la kusomwa. Walimu wenzangu, na nyie mliopita mikononi mwetu, mnaonaje?

Nawasilisha.

Mchangiaji wa 2

Madam, kwa heshima zote, tatizo ni Kiingereza. Mtoto kasoma msingi kwa Kiswahili miaka saba, anaingia kidato cha kwanza kila kitu kinageuka. Mimi ni mhandisi. Nilikuwa nalijua jambo kichwani vizuri kabisa, likifika kwenye karatasi linakuwa la mtoto wa darasa la nne. Turuhusu watu waandike Kiswahili vyuoni muone kama hamtapata insha za maana.

Mchangiaji wa 3

Mkuu wa 2, natamani iwe hivyo. Mimi nafundisha idara ya Kiswahili, wanafunzi wangu wanaandika Kiswahili kuanzia jalada mpaka marejeleo, na nakutana na yale yale ya Madam.

Kwanza kuna maandishi yenyewe. Mtu mwaka wa pili anaandika "ana sema", "nime fika", "ata mimi", "uyu", "kwaiyo". Hayo ya simu yamehamia kwenye karatasi ya mtihani. Lakini hayo sikondi nayo sana, yanarekebishika ndani ya muhula ukikazana. Kinachoniumiza ni insha kuhusu umuhimu wa Kiswahili Afrika Mashariki inayoanza "Tangu enzi za mababu zetu", ikafuata methali, zikafuata hoja sita. Lugha ni yake kabisa, na bado hayumo ndani ya alichoandika.

Mwaka fulani nikabadilisha swali. Nikawaambia: nieleze kazi moja inayofanywa kwenu, hatua kwa hatua, kwa mtu ambaye hajawahi kuiona. Binti mmoja wa visiwani akaandika kuhusu kutafuta pweza. Kwamba wanawake wanangoja bamvua, maji yakitoka sana, wanashuka mwambani na fimbo. Kwamba shimo lenye pweza unalijua kwa takataka za mlangoni, magamba ya kaa na makombe aliyokula akayatupa nje. Kwamba ukichokoa ukiwa na papara, anajikaza kwenye jiwe na hutamtoa. Kurasa tatu, na sikutaka ziishe. Huyo huyo mtihani wa nyuma alikuwa ameniandikia "Fasihi ni kioo cha jamii" bila kuniambia alichokiona kwenye hicho kioo.

Kwa hiyo naungana na mleta mada. Lugha inaongeza mzigo, tena mzito. Ila ukiutoa huo mzigo peke yake, ile tabia ya hoja sita inabaki.

Mleta mada

Mchangiaji wa 2, usidhani napuuza unachosema. Tangu miaka ya 1960 mwishoni shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza, na hilo daraja kati ya darasa la saba na kidato cha kwanza wengi wamelivuka wakitambaa. Nina wanafunzi ambao nikiwaruhusu waeleze kwanza kwa Kiswahili, hoja inatoka ikiwa kamili. Wengi wa walioboresha rasimu zao walianza hivyo, kwa kuongea na mimi Kiswahili. Yule wa nyanya asingenisimulia ya mama yake kwa Kiingereza.

Mwalimu wa 3, hiyo ya pweza naiiba. Asante sana.

Mchangiaji wa 4

Jamani, hamjambo kutoka Kenya. Nimesoma uzi wote na nataka kuongezea upande ambao pengine wengi wenu hamuujui kwa ndani.

Kabla sijaanza kufundisha, nilikuwa nikiandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza kazi zao za chuo. Hapa kwetu vijana wengi sana waliomaliza digrii bila ajira waliishi kwa kazi hiyo. Malipo ni kwa ukurasa, na ukurasa ulihesabiwa maneno 275. Anayemiliki akaunti kwenye tovuti za kazi hizo anapokea oda, anakupa wewe na kukata chake. Leo uuguzi, kesho sheria ya ardhi ya nchi ambayo hujawahi kuikanyaga, yote kabla ya alfajiri kwa sababu saa zao na zetu hazilingani. Nilijifunza kupanga hoja, kutafuta makala, kutaja vyanzo kwa mtindo wowote utakaotaka. Nilikuwa hodari, nasema bila kuficha.

Lakini aliyenilipa hakuisoma kazi. Aliipandisha kwenye mfumo wa chuo chake. Na mwalimu aliyeisoma alidhani anaongea na mtu mwingine. Maoni yake, kama yalikuwepo, hayakunifikia hata mara moja. Miaka hiyo yote nimeandika maelfu ya kurasa na sijui hata moja ilimgusa nani. England ilipitisha sheria mwaka 2022 ya kuifanya biashara hiyo kuwa kosa la jinai kwa wanaoiuza huko, na mwishoni mwa mwaka huo huo ikaja ChatGPT, programu ya kompyuta inayokuandikia chochote ukiiomba. Oda zikapungua, wenzangu wengi wakakaa bila kazi.

Sasa niko upande wa pili wa meza, nafundisha mwaka wa kwanza chuoni. Mwanafunzi akileta kazi ya kununua au ya mashine, naijua kwa haraka, maana hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Simwiti mwizi. Namketisha namwambia: nieleze aya ya pili, kwa nini umeiweka kabla ya ya tatu? Aliyeandika mwenyewe atajibu hata kama anababaika. Asiyeandika ananyamaza, na hapo tunaanza upya, pamoja.

Ninachotaka kusema kwa mleta mada ni kwamba kile unachokiita kusomwa, mimi nimeishi bila hicho nikiwa mwandishi wa kulipwa, na najua kinavyomkausha mtu.

Mchangiaji wa 5

Hizo kazi za AI (akili bandia), chuo kwetu wameleta kipimo cha kuzigundua, ukizidi asilimia fulani kazi inarudishwa. Wanafunzi sasa wanalipa steshenari "kushusha asilimia". Wakishushiwa, sentensi haieleweki tena, lakini asilimia imeshuka na kazi inapokelewa.

Mleta mada

Mchangiaji wa 4, nimekusoma mara mbili. Asante kwa kuyaleta haya hapa.

Mchangiaji wa 5, kwenye vipimo vya AI nitakuwa mkali kidogo. OpenAI wenyewe waliotengeneza ChatGPT walitoa kipimo cha kutambua maandishi ya mashine, na Julai 2023 wakakiondoa kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Mwaka huo huo watafiti wa Stanford walipima vigunduzi saba kwa insha za TOEFL, zile za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo, zilizoandikwa na watu, zilihesabiwa kuwa za mashine. Sababu mojawapo ni kwamba msamiati wa mtu anayejifunza lugha ni finyu na sentensi zake zinatabirika. Huyo ndiye mwanafunzi wetu. Ni yeye hasa atakayeonewa. Ukimfelisha kijana wa Kigoma kwa namba iliyotoka kwenye kompyuta wakati unaweza kumwita ukamuuliza maswali matatu, umemkosea, na chuo kinachokulazimisha kufanya hivyo kinamkosea pia.

Simaanishi tulegeze. Wangu wanaandika nusu ukurasa kwa mkono darasani wiki za mwanzo, na nazitunza. Insha kubwa ikija nina cha kulinganisha nacho.

Mchangiaji wa 6

Salamu kutoka Marekani. Niko huku kwa masomo ya uzamivu na ili nilipiwe ada nafundisha uandishi wa mwaka wa kwanza. Somo hili huku lina umri mrefu, Harvard waliliweka kwa mwaka wa kwanza tangu 1885, na malalamiko ya maprofesa kwamba vijana hawajui kuandika ni ya tangu wakati huo. Kwa hiyo wakuu hata "vijana wa siku hizi" si jambo la kwetu peke yetu.

Tofauti iko kwenye idadi. Chama cha walimu wa uandishi wa vyuo huku kinapendekeza darasa lisizidi wanafunzi 20, ikiwezekana 15. Si kila chuo kinatii, na kuna walimu wa mkataba wanaozunguka vyuo viwili vitatu kwa siku ili wapate kodi ya nyumba. Lakini nikisoma hiyo 400 ya Madam, nashangaa kwamba bado ana nguvu ya kuandika "Uliwaona?" pembeni mwa karatasi.

Mwalimu wa 3, kuhusu "ana sema", kuna mwalimu aliitwa Mina Shaughnessy, City College ya New York. Mwaka 1970 chuo kikuu cha jiji kilifungua milango kwa kila aliyemaliza sekondari, wakaingia maelfu ya watoto wa maskini ambao maprofesa walisema hawafundishiki. Yeye akakaa chini akasoma karatasi kama 4,000 za wanafunzi hao, na mwaka 1977 akachapisha alichokiona: makosa yale yana mantiki, mtu anafuata kanuni aliyojitungia kutokana na kile alichofundishwa nusu nusu. Mwanafunzi wako anayetenganisha "ana" na "sema" anasikia vipande, na kweli neno hilo limeundwa kwa vipande. Ukimwonyesha kwamba umeona anachokisikia, atakusikiliza ukimwambia tunaviunganisha.

Mchangiaji wa 7

Mimi si mwalimu. Ni afisa ugani mkoani Katavi, nimesoma chuo ambacho sitakitaja. Mwalimu wetu wa somo hili alikuwa na tabia ya kuandika "Unajuaje?" pembeni mwa kila kitu. Tulimchukia kwa hilo. Sasa hivi nikiandika ripoti ya viwavijeshi kwenda halmashauri, nikisema "mashamba mengi yameathirika", mkono unasimama wenyewe. Narudi kijijini nahesabu. Juzi bosi kaniuliza kwa nini ripoti zangu hazirudishwi. Nikamkumbuka yule mama. Popote alipo Mungu ambariki.

Mleta mada

Mchangiaji wa 7, umeniliza. Sisi huwa hatupati habari hizi. Mtu akishamaliza muhula anapotea kwenye kozi yake, na kama alichopata kwako kilimfaa ni mara chache sana utajua. Jamani, kama mnawakumbuka walimu wenu wa aina hiyo, watafuteni muwaambie wakiwa hai.

Mchangiaji wa 8

Shikamoo Madam. Nimeajiriwa muhula huu kama mkufunzi msaidizi, nimepewa semina nane za watu 40. Sina uzoefu, na mhadhiri mwenye somo ameniachia karibu kila kitu. Nianzie wapi? Na kama una karatasi maalumu unayotumia kuwaandikia wanafunzi maoni, unaweza kutuwekea hapa?

Mleta mada

Marahaba mdogo wangu, hongera kwa ajira.

Wiki ya kwanza usiwape nadharia ya aya. Wape nusu ukurasa waandike mbele yako, jambo wanalolijua wao kuliko wewe. Tumia swali la mwalimu wa 3, kazi inayofanywa kwenu. Wakae kimya dakika 20 waandike. Lugha isiwazuie, atakayekwama kwenye neno aliandike kwa Kiswahili apige mstari chini yake.

Huwezi kuzisoma zote kwa undani na usijaribu, utaugua. Kila wiki chukua semina moja uisome yote kwa utulivu, wiki inayofuata nyingine, hadi muhula uishe kila mtu atakuwa amesomwa kweli walau mara moja. Hao wengine wape alama za kawaida. Kwenye kila karatasi unayosoma andika swali moja tu, ambalo wewe mwenyewe unataka kujua jibu lake. Swali la kweli. Mwanafunzi anatofautisha mara moja kati ya mwalimu anayeuliza kwa sababu hajui na anayeuliza kwa kumpima. Sarufi chagua kosa moja linalojirudia, muoneshe palipotokea mara ya kwanza, hayo mengine ayatafute mwenyewe.

Ukiona aya nzuri, muombe mwenyewe ruhusa uisome darasani kwa sauti. Omba ruhusa kwanza, wengine wanaona aibu. Utaona darasa linavyonyamaza, maana hawajawahi kusikia kazi ya mwenzao ikisomwa kama kazi ya mwandishi.

Na kama mhadhiri wako anang'ang'ania kazi za vikundi vya watu 10, mwombe akupunguzie wawe watatu. Watatu hakuna pa kujificha. Mwambie utasahihisha mwenyewe, hatakataa.

Karatasi ya maoni iko kwenye kompyuta ya ofisini, kesho asubuhi nitaipandisha hapa. Wewe wiki ya pili rudi utuambie wameandika kuhusu nini, hasa wale wa mikoa ambayo mimi sijafika.